Makomeo ya Nyumba ya Singe

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Ninyi mnaotoka chuo cha ufundi na pima maji mpya mkononi mmeniomba niwaeleze nilichojifunza katika miaka yangu ya kushika mwiko hapa Babati. Najua mlitegemea nianze na msingi. Nitaanza na ngazi, kwa sababu ngazi ndizo zilizonitia aibu.

Mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya, mji huu ulijengwa kama mtu anayevaa haraka akiwa amechelewa kanisani. Kila idara ilitaka jengo. Kila mgeni aliyehamia kutoka Arusha au Singida alitaka nyumba. Sisi mafundi tulioshuka kutoka Mbulu tukaanza kuitwa kwa majina yetu. Mimi naitwa Gwandu. Kabla ya mkoa niliitwa "wewe fundi."

Bwana mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado tunasalimiana, alinipa kazi ya kujenga jengo la ofisi za kupangisha. Alitaka ngazi nyingi mbele. Alisema mtu akipanda ngazi anafika juu akiwa na adabu. Nikamjengea ngazi ndefu, nikazipiga sakafu nyekundu, zikang'aa mpaka kuku wakawa wanazikwepa. Nilijivunia zile ngazi. Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa napitia njia ile ili nizione.

Miezi michache baadaye nilirudi pale kuziba ufa chini ya dirisha. Nikamkuta mwanamume mmoja chini ya ngazi, kwenye kiti cha magurudumu, ameshika bahasha. Miguu yake yote miwili iliishia magotini. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, mikunjo imesimama kuliko kuta zangu.

"Unamsubiri nani, mzee?" nikamuuliza.

"Ofisa wa juu."

"Anajua uko hapa?"

"Anajua. Amesema nipande."

Tukazitazama ngazi, wote wawili.

"Zimejengwa vizuri," akasema.

"Asante."

Akageuza shingo. "Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi."

"Uliweka ngapi?"

"Tisa."

"Wiki hii nimezipanda kwa mikono mara mbili. Mimi nimehesabu kumi."

Nikaenda kuzihesabu. Zilikuwa kumi.

Hivyo ndivyo nilivyofahamiana na Sajini Yohana. Alikuwa mwanajeshi mstaafu. Alikanyaga bomu la ardhini akiwa kazini katika nchi ya watu, na kuhusu bomu hilo sikuwahi kusikia kutoka kwake zaidi ya maneno hayo. Alizaliwa Singida. Alikuja Babati kumfuata dada yake, ambaye mume wake alihamishiwa huku mkoa ulipoanza. Walimpokea vizuri, wakampa chumba cha nyuma kule Nakwa. Kilikuwa stoo. Alilala na magunia ya mahindi, majembe, na dawa ya kunyunyizia maharage. Mlango wa ile stoo ulikuwa mwembamba, kiti hakikupita. Kila siku alishuka kwenye kiti nje, akaingia kwa kujikokota, na kiti kikabaki uani kikinyeshewa mvua. Dada yake alimpenda, hilo msilitilie shaka. Ila upendo wake haukuweza kupanua fremu.

Bahasha aliyoishika ilikuwa barua ya kuomba nyumba. Hakuwa anajiombea peke yake. Alikuwa ameorodhesha watu wazima wenye ulemavu aliowafahamu mjini na pembeni mwa mji, pamoja na askari wenzake wawili waliorudi wakiwa si kamili tena.

"Kituo cha walemavu, siyo?" nikamuuliza.

"Hapana. Kituo ni mahali pa kusimama basi. Nataka nyumba. Kila mtu na chumba chake, na msaidizi ambaye akiitwa anakuja, asipoitwa haji."

Nilizunguka naye kuwatembelea watu wa orodha yake. Nilijiambia namsaidia kusukuma kiti kwenye matope. Ukweli ni kwamba zile ngazi zilikuwa zinanisumbua.

Mtu wa nne alikuwa anaishi kijiji cha Mutuka. Aliitwa Regina, mwanamke mzima wa miaka zaidi ya thelathini. Tangu kuzaliwa mwili wake haukumtii: mkono ukitumwa kushoto unakwenda kulia kwanza, na maneno yalimtoka moja moja, kwa kazi. Tulifika saa nne asubuhi, tukakuta mlango umefungwa kwa komeo la nje. Tukabisha hodi. Ndani kukajibiwa kwa sauti nzito, taratibu, "Karibu." Lakini aliyesema karibu hakuweza kutufungulia, na sisi hatukuwa na ruhusa ya kufungua. Tukakaa nje, yeye akakaa ndani, tukamsubiri mama yake arudi shambani.

Mama Regina alikuja na jembe begani. Alikuwa mzee, mgongo umeshaanza kuinama. Alitusalimu, akafungua, akatueleza bila kujitetea.

"Nikimwacha wazi mbuzi wanaingia. Au moto. Au watu wabaya. Na nisipokwenda shamba hatuli. Sasa ninyi mngefanyaje?"

Sajini alitoa daftari lake, akaandika jina. Regina aliangalia kalamu inavyokwenda, halafu akasema, "Mbili."

"Mbili nini, mwanangu?" mama akauliza.

"Regina... Matle. Majina... mawili."

Sajini alikuwa ameandika jina moja tu. Akaongeza la pili, akasema, "Samahani, dada."

Sitawachosha na vikao. Kikao cha kuanzisha nyumba kilizaa kikao cha kuchagua kamati, na kamati ikazaa vikao vyake yenyewe. Walioisukuma kazi ile walikuwa waumini, Wakatoliki na Walutheri, ambao kwa kawaida walikutana kwenye misiba tu. Mzee mmoja mkulima alitoa kiwanja kule Singe, pembeni mwa mji. Wengine walileta mchanga, wengine mawe, wengine walileta ushauri. Ushauri ulikuwa mwingi kuliko mchanga. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mwema, asiyelala hadi jambo liishe. Fundi nikachaguliwa mimi. Nadhani Sajini ndiye aliyenipendekeza. Alisema ananijua kwa kazi zangu.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo ufundi ulipo, na chuoni pengine mliruka ukurasa huu.

Nilianza na mteremko wa kuingilia. Niliumwaga kwa kukadiria kwa macho, kwa sababu nilikuwa fundi wa miaka mingi na macho yangu niliyaamini. Zege liliposhika, Sajini akaja kujaribu. Akasukuma magurudumu hadi katikati. Kiti kikasimama kidogo, kama kinafikiri. Halafu kikarudi kinyumenyume, kikashika kasi, kikaingia kwenye lundo la mchanga na Sajini juu yake.

"Fundi," akaita kutoka mchangani.

"Ndiyo, Sajini."

"Hii ni ya kupandia au ya kurushia?"

"Ya kupandia."

"Basi ivunjwe."

Nikamwambia zege limeshashika. Akasema hata miguu yake ilikuwa imeshika, ikatoka.

Tukavunja. Kanuni ni hii, iandikeni: kila sentimeta moja unayopanda juu, uende mbele sentimeta kumi na mbili. Ukiona kiwanja hakitoshi, pinda kona, lakini usiibe. Na zege likiwa bado bichi, pitisha ufagio wa chelewa juu yake likwaruze, maana sakafu ya kung'aa ikinyeshewa inampeleka mtu inakotaka yenyewe.

Kosa la pili lilikuwa milango. Nilipima upana wa kiti cha Sajini kwa futi kamba, nikaongeza sentimeta tano, nikajiona mkarimu. Akapita. Alipotokea upande wa pili alinionyesha mikono yake. Ngozi ya vidole ilikuwa imechunika pande zote mbili.

"Kiti kimepita," akasema. "Vidole vimebaki."

Nilikuwa nimepima chuma nikasahau mtu anayekiendesha. Tukang'oa fremu zote, tukaweka za sentimeta tisini. Na milango ya bafu ifungukie nje. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake mwenyewe ndio unaowazuia wanaokuja kumwinua.

La tatu lilikuwa bomba la kushikia chooni. Nililipachika kwa skrubu nne kwenye plasta. Sajini alilishika ajiinue, likatoka lote na kipande cha ukuta. Alibaki amekaa kwenye choo, bomba mkononi, kama mlinzi wa getini. Alinikabidhi tu. Tangu siku hiyo bomba la kushikia nalijengea ndani ya ukuta tangu mwanzo, na halitoki mkononi mwangu kabla sijaning'inia mimi mwenyewe na uzito wangu.

Kulikuwa na Koplo Elibariki pia, mmoja wa wale askari wawili. Macho yake aliyapoteza mazoezini. Alikuja mara kwa mara wakati tukijenga, ili auzoee ukumbi kwa kuhesabu hatua. Siku moja niliacha toroli katikati. Akaligonga, akalishika kwa mikono, akasema, "Samahani, mzee, sikujua umekaa hapa." Alipogundua, alisimama wima akauliza, kwa sauti ya paredi, "Nani ameegesha gari kwenye barabara yangu?" Nikajibu mimi. Nikapigilia ubao laini ukutani kwa urefu wa ukumbi wote, usawa wa mkono, na kwenye kila mlango nikachonga alama: mkato mmoja chumba cha kwanza, miwili cha pili. Koplo aliupitisha mkono juu yake mara moja, akaniambia mkato wa chumba cha tano una kibanzi. Kweli ulikuwa nacho.

Jikoni tulipomaliza, Sajini aliniamuru nikae kwenye kiti cha magurudumu cha akiba na nipike chai. Ndiyo, aliniamuru, na mimi sikuwahi kuwa askari. Sikuweza. Swichi ilikuwa juu, magoti yaligonga kabati kabla mikono haijafika kwenye bomba la maji, na majani ya chai nilikuwa nimeyaweka mwenyewe kwenye rafu ya juu. Alinisubiri, akitazama dirishani kwa heshima. Baada ya nusu saa nikakiri. Kesho yake nikaanza kulijenga lile jiko upya, safari hii nikipima nikiwa nimekaa.

Makosa hayo yote huwa nayasimulia nikicheka. La makomeo silicheki.

Nyumba ilipobaki siku chache kufunguliwa, Mwenyekiti alikuja na boksi la makomeo ya chuma. "Fundi, haya weka kwenye vyumba vyote. Upande wa nje."

Nikayaweka. Vyumba vinane, makomeo manane, siku moja. Sikuuliza swali hata moja. Sajini alikuwa Singida kwenye msiba. Na mimi, niliyekaa nje ya mlango ule wa Mutuka asubuhi nzima nikisikiliza mtu akisema karibu asiweze kufungua, nilipiga skrubu zile kwa ustadi, nikapangusa vumbi, nikaondoka.

Siku ya kuhamia, Regina alifika wa kwanza. Aliletwa na mama yake kwa pikapu ya jirani, na godoro, na sanduku la bati lenye kufuli. Alikuwa na kiti kipya cha magurudumu, kilichotolewa na waumini. Msaidizi wa nyumba, Dada Witness, binti mwenye nguvu na maneno machache, akamsukuma hadi mlango wa chumba cha tatu. Mwenyekiti alisimama pembeni na karatasi ya majina. Sajini alikuwa amerudi, naye alikuwepo. Mimi nilikuwa na mfuko wangu wa vifaa.

Regina aliangalia ndani ya chumba. Kulikuwa na kitanda, dirisha, meza ya chini. Kisha akaangalia mlango. Akaunyoosha mkono akakamata fremu, akashikilia.

"Hapana."

"Ingia, mama," Mama Regina akambembeleza. "Chumba kizuri. Angalia dirisha."

"Hapana."

Witness akajaribu kusukuma kidogo. Regina akang'ang'ania hadi mishipa ikamsimama shingoni. Mama yake akaanza kuomba radhi kwa kila mtu, hata kwa dereva wa pikapu.

"Haelewi," Mwenyekiti akasema kwa upole. "Atazoea."

"Anaelewa," Sajini akasema. Akasogeza kiti chake hadi vikagusana. "Dada Regina. Ni nini?"

Ule mkono mwingine wa Regina uliinuka. Ulikwenda kwanza mahali ulipotaka wenyewe, ukarudi, ukapotea tena. Hatukumharakisha. Mwisho kidole kikagota kwenye chuma.

"Hiki."

Niliona macho ya mama yake yakitua pale kwenye komeo na yasibanduke. Akakaa chini, juu ya godoro lililokuwa bado limefungwa kamba.

"Ni mimi," akasema. "Hiki anakijua kwa sababu yangu."

Mwenyekiti alikunja karatasi yake. Nataka mmuelewe. Alikuwa ameongoza shule ya bweni miaka mingi, na nasikia hata nyumbani kwake alikuwa anahesabu vitanda. "Jamani, mimi ndiye nitakayejibu," akasema. "Mmoja wao akitoka akafika barabarani akagongwa, wataniuliza mimi. Komeo ni usalama."

"Nyumbani kwako, Mwenyekiti," Sajini akamuuliza, "komeo la chumba unacholala liko upande gani?"

"Ndani."

"Kwa nini ndani?"

"Kwa sababu ni..."

Hakumalizia. Alikuwa mwalimu, alijua sentensi inakoelekea. Aliikunjua ile karatasi, akaikunja tena.

"Fundi," Mwenyekiti akasema hatimaye, "kwani wewe ulipoyaweka haya ulifikiri nini?"

"Sikufikiri, Mwenyekiti."

"Hata mimi," akasema.

Nikatoa bisibisi. Nilianza na mlango wa Regina, naye akakaa pale pale akinitazama skrubu moja hadi nyingine, na ya mwisho ilipotoka akafungua kiganja. Nikamwekea komeo lile kiganjani. Alilitupa ukumbini. Lilifika mbali kuliko nilivyotegemea.

Komeo la chuma la kawaida asingeliweza, maana linataka vidole viwili vya kubana. Nikakata ubao wa mninga uliobaki kwenye fremu, nikamtengenezea komeo pana la mti, kama yale ya nyumba za babu zetu kule Mbulu, linaloteleza kwenye vishikio viwili. Unalisukuma kwa kiganja, au kiwiko, au ngumi, chochote kitakachokutii siku hiyo. Nikaliweka upande wa ndani, usawa wa mapaja. Na ubavuni mwa mlango nikatoboa tundu dogo ambalo Witness angeweza kupitisha kibao alisukume kutoka nje, kukitokea hatari. Hilo nalo liandikeni: mlango wa mtu ni wake, lakini moto hauombi ruhusa.

"Jaribu," nikamwambia.

Akaingia mwenyewe. Mlango ukafungwa mbele ya nyuso zetu. Tukasikia ubao ukikwaruza, ukikosa, ukikwaruza tena. Mara ya tatu ukagota mwisho wake.

Tukangoja afungue. Hakufungua.

Nikahamia mlango wa nne, nikaendelea na kazi. Koplo Elibariki alifika na mwenzake, wakapewa vyumba vyao. Saa ya chakula cha mchana Witness akabisha.

"Regina, chakula tayari."

"Baadaye."

Saa tisa akabisha tena. "Regina, chai."

"Baadaye."

Mwenyekiti alikuwa anatembea ukumbini, mikono nyuma. Hakusema "niliwaambia," lakini alikuwa anatembea kwa namna hiyo. Mama Regina alikaa kwenye benchi ameshika kanga yake. "Hajawahi kukaa bila mimi kwa kutaka mwenyewe," akaninong'oneza. "Siku zote analia nikiondoka." Nami nikaanza kuingiwa na hofu ya kifundi: labda ubao umevimba, labda umekwama, na mtu hasemi.

Nikaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. "Regina, komeo limekwama?"

"Hapana."

"Umeumia?"

"Hapana."

"Sasa unafanya nini humo?"

"Nimekaa."

Nikageuka nikawaambia wenzangu, "Amekaa." Mama yake akarudia, "Amekaa," kama mtu anayetafsiriwa lugha ya kigeni. Mwenyekiti aliacha kutembea, akaomba chai.

Jua lilikuwa limeshasogea upande wa pili wa nyumba tuliposikia ubao ukikwaruza. Mlango ukafunguka. Regina akatutazama wote tuliojipanga ukumbini, akasema, "Njaa."

Msifikiri baada ya hapo waliishi kama malaika. Waligombania redio. Sajini alitaka ukaguzi wa vyumba kila asubuhi, na Regina ndiye aliyemkatalia: aligonga mlango, Regina akasema "Baadaye" kwa majuma mawili mfululizo, hadi ukaguzi ukafa wenyewe. Koplo alijifunza kupika maharage, akawalisha maharage. Witness aliolewa, akaja mwingine ambaye alisukuma viti bila kuuliza, akafundishwa na wakazi wenyewe hadi akaacha. Kuna siku maji yalikatika. Kuna siku waliudhiana hadi kila mtu akala chumbani kwake, na hilo pia liliwezekana kwa sababu kila mtu alikuwa nacho chumba.

Lakini vyumba vilikuwa vinane. Tangu wiki ya kwanza watu walianza kuja kuuliza. Baba mmoja alikuja na mwanawe wa miaka arobaini, akasimama getini, akakataa kukaa kwa sababu alidhani akikaa ataambiwa nafasi hakuna. Aliambiwa akiwa amesimama. Mimi nimestaafu, mji umekua hadi siujui, na bado najua nyumba zenye chumba cha nyuma ambamo mtu mzima anasikiliza watu wakipita. Baadhi ya vyumba hivyo nilivijenga mimi. Mwenye nyumba akisema stoo, nilimwandikia stoo. Ninyi msiandike tu. Ulizeni nani atakaa humo, na mkimpata huyo mtu, muulizeni yeye.

Mama Regina alikuwa anakuja Singe kila Jumamosi, akibeba maziwa. Siku moja alinikuta nje narekebisha bawaba. Alikuwa ametoka kubisha kwa bintiye, naye ameambiwa baadaye. Akacheka, akaketi karibu yangu kusubiri.

"Baba," akaniambia, "nikwambie kitu ambacho hata padre sijamwambia?"

"Niambie, mama."

"Miaka yote ile nilikuwa namwomba Mungu amchukue Regina siku moja kabla yangu. Siku moja tu. Nilikuwa naomba hivyo kila asubuhi nikiwasha moto, yeye ananitazama."

Nilishikilia bawaba.

"Nimeacha," akasema. "Sikuamua kuacha. Niliona tu wiki imepita sijaomba."

Ndani ubao ukakwaruza. Akainuka na maziwa yake, akaingia.

Alifariki mwaka uliofuata, baada ya mavuno, usingizini. Tulimpeleka Regina kwenye mazishi Mutuka kwa pikapu, Sajini, Koplo na mimi. Alilia sana, kwa sauti, bila kujificha, na hatukumnyamazisha. Baada ya kuzika, wakubwa wa ukoo wakakaa kikao uani, na mjomba wake aliyetoka mbali akafungua mazungumzo. Regina alikuwa hatua mbili kutoka kwake.

"Sasa jambo la huyu mtoto," mjomba akasema. "Mama yake ndiyo hivyo. Nani anaweza kumchukua? Kwangu hakuna nafasi, lakini tunaweza kumzungusha, kila mtu miezi mitatu."

Wazee wakaanza kuhesabu miezi. Sajini akafungua mdomo, na Regina akauinua mkono wake, ukapunga hewani mara mbili kabla haujatulia, na Sajini akafunga mdomo.

"Nina... kwangu," Regina akasema.

Mjomba alimtazama kwa mshangao. Miaka yote hakujua kwamba anaongea.

"Wapi, mwanangu?"

"Singe. Chumba... cha tatu." Akapumzika kidogo, akajikusanya kwa maneno mengine. "Karibu. Lakini... ubishe hodi."

Kikao kikakosa ajenda. Tukaaga kwa taratibu zote, tukapakia viti nyuma ya pikapu. Mimi ndiye niliyefunga kamba. Regina, akiwa ameketi mbele karibu na dereva, alitoa kichwa dirishani, akaitazama kazi yangu, akaniambia fundo la kushoto limelegea. Nikashuka nikalifunga upya, tukaondoka.